Mlango wa Kihenge cha Pili

Vijana wangu wa kiwandani, siku ile mliponiaga mlinivisha kitenge kipya juu ya sweta, mkanilisha keki kama mtoto wa kipaimara, halafu mmoja wenu akasimama akasema, "Bibi, tunakushukuru kwa kutufundisha tusifanye ki-Oresta." Mkacheka wote. Na mimi nikacheka, keki ikiwa mdomoni. Nilipofika nyumbani kile kicheko bado nilikuwa nacho. Sasa imepita miezi mitatu, nimenunua daftari.

Oresta mnayemtaja ni mtu. Wengi wenu hamkumkuta. Mnamjua kama neno la kumkanya mgeni tu: usiingie kihengeni bila kugonga, usifanye ki-Oresta. Neno hilo mmelipata kwangu. Habari niliyowapa ilikuwa ya kweli, ila ilikuwa nusu, na nusu ya pili ninayo mimi. Nataka muipate yote.

Habari za vyeo na mshahara siandiki. Cheo changu mnakijua, nilikuwa mtu wa mlango hadi mwisho. Nilisoma mpaka darasa la nne, kwa hiyo mkikuta kosa la herufi, msahihishe kimoyomoyo, msiniletee.

Niliingia kiwandani mwaka aliofariki mume wangu, baba yake Filbert. Nilitoka kijijini, upande wa Laela, na watoto wawili na ungo. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupepeta na kuchambua, maana wakati huo mahindi yalikaa kwenye magunia, gunia juu ya gunia hadi kwenye kenchi, na panya walikuwa wengi kuliko sisi. Kisha vikajengwa vile vihenge vitatu vya bati juu ya miguu ya zege, chini vimechongoka kama faneli. Watu wa mtaa wa Majengo walikuja kuvitazama kama wanatazama kanisa jipya.

Wanaume wakagawana kazi. Mmoja mashine ya kukoboa, mwingine mkanda wa ndoo unaopandisha mahindi juu, wengine kubeba. Kazi ya mlango, ule wa chini unaotoa mahindi, hakuna aliyeitaka. Mnakijua kile kichumba chini ya kihenge. Humo huoni mtu, unaona miguu inapita. Kelele za mashine zinameza kila neno, hata la kwako mwenyewe. Kipupwe cha mwezi wa saba kinaingia upande mmoja na vumbi linaingia upande wa pili. Mtu mmoja akasema, "Mkimweka mwanamke huko atakufa kwa kukosa umbea." Mzee Ladislaus, ndiye aliyekuwa fundi wa milango yote mitatu, akajibu, "Basi nitafutieni mjane. Huyo ameshazoea kunyamaza." Nikaitwa mimi. Hakukusudia kuniumiza. Yule mzee alisema mambo kama anavyokata bati, moja kwa moja.

Siku ya kwanza hakunionyesha mlango. Alinipa kopo la mafuta ya kupikia lililotobolewa chini kwa msumari, akalijaza mahindi.

"Mwaga."

Nikatikisa. Haikutoka hata punje moja. Akanipa kopo la pili, tundu lake lilikuwa pana, punje mbili zingeweza kupita pamoja. Zikatoka chache, zikakwama. La tatu lilikuwa na tundu la kuingiza vidole vitatu. Yakamwagika yote.

"Umeona nini?"

"Tundu dogo halipitishi, mzee."

"Hilo hata mbuzi analijua. Kopo la pili, mama. Punje inapita, mbona zimekwama?"

Nikachungulia kwa chini. Punje zilikuwa zimeegemeana juu ya tundu, kila moja imemzuia mwenzake asianguke, zimejenga kama dari. Nikaweka kidole, nikagusa moja tu, dari yote ikaporomoka miguuni pangu.

"Hiyo dari ndiyo kazi yako," akasema. "Mengine yote ni kushona magunia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza, nami naona hamtampata mwalimu wa kuwafundisha kwa haraka kuliko yale makopo matatu. Yarudieni kila msimu, maana kila punje ina tabia yake. Ulezi unakimbia kama maji, ukiacha ufa mdogo mlangoni asubuhi unakuta kichuguu. Maharage yanabingirika vizuri, ni ya watu wastaarabu. Mpunga wa bondeni una vinyweleo, unashikana. Alizeti ni nyepesi na jeuri, unaisukuma kama unamsukuma mkwe atoke nyumbani. Pumba msiitie kabisa kwenye kihenge. Niliwaambia, mkaitia, mkatumia siku mbili kuichokoa.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa hili. Nilidhani kihenge kikijaa, mahindi yatatoka kwa nguvu, kama pipa la maji. Sikuwa na saa, nikawa nahesabu kwa Salamu Maria. Kihenge kilichojaa hadi shingoni, gunia lilijaa kwa Salamu Maria nane. Kihenge kilichobaki robo, nane vilevile. Nikadhani nimekosea kusali. Nikamwambia Mzee Ladislaus, akacheka hadi akakohoa.

"Maji ya juu huyalalia ya chini," akasema. "Mahindi ya juu yanalalia ukuta. Huko chini kwako hayafiki yote. Ndiyo maana hata ukiwa na mlima juu ya kichwa, mlangoni unasikia ya karibu tu."

Jambo lingine ni kwamba mahindi hayatoki kwa foleni. Yaliyoingia mwisho ndiyo hutoka kwanza. Mlango ukifunguliwa, katikati kunazama shimo kuanzia juu kabisa, na ya juu yanateremka kwenye lile shimo, huku ya pembeni yamekaa tu ukutani yanazeeka na kufuga wadudu. Ndivyo hospitali nyingi zinavyohudumia watu, lakini sikuanza kuandika ili niseme hospitali. Nawaambia ili mjue kwamba mtu akisimama juu ya mahindi, katikati, na mlango ukafunguliwa chini, yeye ndiye anayetangulia kuitwa.

Kwa hiyo mzee aliweka sheria, na alizifundisha kwa kidole usoni. Mahindi yakikwama, wa chini afunge mlango. Agonge bati mara mbili kwa nyundo ya mti. Mwenzake wa juu, anayekaa kwenye dirisha la kihenge, akiwa nje, salama, ajibu mara mbili. Ndipo mlango ufunguliwe tena. Bila majibu, mlango haufunguliwi hata kama meneja amesimama hapo na njaa. Wa juu achokoe kwa mwanzi mrefu kutoka dirishani, asikanyage mahindi. Akilazimika kuingia, agonge kwanza, afungwe kamba, na ufunguo wa kufuli la mlango aende nao yeye mwenyewe, mfukoni mwake. "Ufunguo unaingia na mtu," alisema. Tuliokuwa chini tuliona ni kero, maana ngazi ni ndefu.

Na nyundo iwe ya mti. Ya kwangu alinichongea ya mninga. Fundi mmoja kijana alikuja na nyundo ya chuma, akapiga lile faneli kwa hasira, bati likabonyea. Mpaka leo kihenge cha tatu mahindi hukwama palepale alipobonyeza. Yeye ameshahama, kibonyeo hakijahama.

Watu walisema mengine. Mji wetu una jina lake, kila kinachokwama kuna mtu amekitupia kitu. Siku moja wapakiaji walikataa kugusa kihenge cha kwanza, wakisema kimefungwa na mtu wa kiwanda kingine. Mzee Ladislaus akachukua chupa kavu, akatia chumvi kavu kidogo na mahindi ya humo, akatikisa. Chumvi ikagandamana ukutani mwa chupa. "Mchawi mwenyewe huyu hapa," akasema. "Anaitwa unyevu. Kamwanikeni." Siku hizi mna mashine ya kupima. Ikiisha betri, chupa bado zipo.

Mzee aliondoka, akarudi kwao Msanzi, akafia huko. Hapo ndipo walipomleta Oresta kuwa wa juu, kwenye kihenge cha pili, na mimi chini yake. Tulifanya kazi hivyo miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu.

Oresta, ambaye wapakiaji walimwita Mama Skola, alikuwa mnene kidogo, mwenye kucheka, mtu wa kwaya. Alinizidi mwaka mmoja akaufanya mwaka huo kuwa kumi. Kutwa nzima sikumwona. Nilimsikia. Kupitia bati nilijua hatua zake kwenye ngazi, nilijua akiwa na mafua kwa jinsi mwanzi unavyogonga bati. Yeye alijua sauti ya mahindi yangu, yakibadilika kidogo tu, mwanzi wake ulikuwa umeshaingia kabla sijashika nyundo. Saa ya chai alishuka, tukakaa juu ya magunia matupu, akaniambia yote aliyoyaona kutoka huko juu: nani anaingia baa mchana, nani amenunua bati jipya, wingu linatoka upande gani. Mimi sikuwa na cha kumwambia. Chini hakuna habari. Nilikuwa namsikiliza yeye, na huko ndiko kulikuwa kuishi kwangu na watu.

Na kwa sababu tulijuana hivyo, tukaacha kugonga.

Hatukukubaliana tuache. Ilikwisha yenyewe. Mwaka wa kwanza tuligonga kila mara. Baadaye yeye akawa hajibu kwa sababu anajua nimeshajua. Kisha mimi nikawa sigongi. Mahindi yakikwama nilifunga, nikasali Salamu Maria kumi, muda wa yeye kuchokoa na kutoa mwanzi, nikafungua. Miaka ikapita bila kosa. Kufuli likaning'inia kwenye msumari kichumbani kwangu na ufunguo wake ndani, limeota vumbi. Msije mkadhani wanaoacha sheria ni wavivu peke yao. Wanaaminiana mno.

Sasa niandike ugomvi wetu, na mkitaka kucheka, chekeni hapa. Jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa na zamu ya kumlisha padre. Mimi nikapika maharage. Padre akauma, akashika shavu, akatoa jiwe. Dogo, kama punje ya ulezi. Akasema si kitu. Kesho yake saa ya chai, mbele ya wapakiaji wote, Oresta akaanza.

"Jamani, mmesikia? Mama Filbert huyu, anayechambua mahindi ya mkoa mzima, amemvunja padre jino!"

"Hakuvunjika jino," nikasema.

"Lilitingishika! Nililiona likitingishika kama kiti cha jumuiya!"

Wapakiaji wakaanguka kwa kicheko. Kristofa, ambaye bado mnaye, akaniuliza kama padre naye atawekwa kwenye magunia ya daraja la pili. Kuchambua ndicho kitu pekee nilichokuwa najivunia duniani. Nikainuka na kikombe changu, nikaenda kunywea chini, kichumbani. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu Oresta alikuja hadi mlangoni akasema, "Mama Filbert, ulikuwa utani, mwenzangu." Nikageukia magunia. Siku ya nne hakuja. Naye alikuwa amenuna.

Siku hiyo ya nne ilikuwa msimu wa mvua. Kulikuwa na mzigo kutoka Laela, turubai la lori lilikuwa limetoboka, mahindi yakaingia kihenge cha pili hayajaanikwa. Yalikuwa yamekaa siku kadhaa, juu yameganda gamba gumu kama ukoko wa ugali. Kabla ya chai, gunia likiwa nusu, yakakwama. Nikafunga mlango. Nikapigapiga faneli kwa pembeni ili yalegee, nikafungua, yakashuka debe moja, yakakwama tena. Nikafunga. Nikasikiliza mwanzi wa Oresta. Niliusikia ukigonga juu, mara tatu, nne, kisha ukanyamaza.

Sikujua wakati huo, amenieleza mwenyewe baadaye: kutoka dirishani mwanzi haukufika. Ilibidi aingie. Kuingia kunataka ufunguo, na ufunguo ulikuwa kwangu. Angeshuka ngazi yote aje aniambie, "Mama Filbert, nipe ufunguo." Alipima, akaona afadhali akanyage gamba mara moja kuliko kuniomba.

Mimi huku chini nikapima langu. Kugonga mara mbili ni kumsemesha. Siku nne sijamsemesha. Nikasali Salamu Maria kumi. Nikafungua mlango.

Hiyo ndiyo nusu ambayo hamkuwa nayo. Sikugonga.

Na yalikuja vizuri. Hilo ndilo linalonikaa hadi leo, kwamba nilifurahi. Gunia likajaa, nikaweka la pili. Kisha nikasikia ngumi kwenye bati, siyo kule juu dirishani, katikati ya tumbo la kihenge, mahali ambapo hapana mtu anayepaswa kuwa.

Nikafunga. Kristofa alishapanda mbio, nikamsikia anapiga kelele kushinda mashine, "Mama Skola amezama! Mahindi yako kifuani!" Mashine zikazimwa. Watu wakajazana kichumbani kwangu, wanaume saba ambao miaka yote hawakuwahi kuingia humo, wote wanapiga kelele neno moja: "Fungua! Fungua yamwagike, atatoka!"

Nikachukua kufuli kwenye msumari, nikalifunga kwenye gurudumu la kufungulia mlango, ufunguo nikautumbukiza kifuani.

Meneja wetu wakati huo alikuwa mtu wa Mbeya, si mtu mbaya. Akanishika mkono. "Mama, fungua mlango. Mtu anakufa."

"Nikifungua ndiyo atakufa. Yatamvuta chini."

"Nipe ufunguo, nimesema!"

"Ufunguo uko hapa," nikasema, nikajipiga kifua. "Uchukue."

Hakuuchukua. Nyuma mtu mmoja akasema, si kwa sauti ndogo, "Wamegombana hawa. Anataka amuue." Nilimsikia. Bado namsikia.

Nikawaambia la kufanya, kama alivyonifundisha Mzee Ladislaus. Leteni mafundi bati wa Majengo, waje na patasi na mikasi, wasije na mashine ya cheche, vumbi hili linashika moto. Wakate matundu pande nne, sawasawa, chini ya kifua chake, mahindi yatoke pembeni polepole. Wakikata upande mmoja tu yatamlalia. Kristofa amzungushie mbao, amchotee kwa ndoo. Kamba wamfunge kwapani kumshikilia tu, wasimvute, mahindi yana mkono mzito kuliko wao. Meneja akanitazama, kisha akatoka mbio kuwaita mafundi.

Wote wakaenda juu na nje. Nikabaki peke yangu na lile gurudumu, maana nilijua nikiondoka mtu atakuja na nondo avunje kufuli. Nikachukua nyundo ya mti. Nikagonga mara mbili.

Nikasubiri. Ikaja, mara mbili, dhaifu.

Hivyo tulikaa. Mafundi wanakata, mahindi yanamwagika nje kwenye tope, kuku wa jirani wanakula hadi hawatembei, nami kila Salamu Maria kumi nagonga mara mbili, naye anajibu. Ilifika mahali hakujibu. Nikagonga tena. Hakujibu. Nikaweka sikio kwenye bati, nikasikia punje tu zinateleza. Nikasema kwa sauti, peke yangu mle ndani, "Oresta, mimi ndiye. Sikugonga." Hakuna aliyesikia. Baada ya muda likaja moja, si mawili.

Walimtoa alasiri. Mbavu mbili zimevunjika, miguu haina kazi kwa majuma, kifua kimejaa vumbi la ukungu. Alipita mbele yangu kwenye machela, macho yamefumba.

Akaja mtu wa kuuliza maswali, na karatasi. Akaniuliza, "Mama, huyu mwenzako aligonga kabla ya kuingia?" Nikasema, "Hakugonga." Akaandika. Nikasubiri swali la pili. Nilikuwa na jibu lake, lilikuwa limeshafika mdomoni. Hakuuliza. Akafunga karatasi yake, akaniambia nimeokoa maisha ya mtu, na watu wote wakasema hivyohivyo, pamoja na yule aliyesema nataka kumuua. Nikapewa cheti kwenye fremu. Oresta akaandikwa kwamba aliingia bila kufuata utaratibu. Hakurudi kazini. Kaka yake alimchukua, wakaenda naye Msanzi.

Nilikaa mlangoni miaka kumi na moja baada ya hapo. Walikuja wa juu wengi, hakuna aliyedumu, na mwishoni likaja lile dubwana la umeme linalotikisa kihenge lenyewe. Mnabonyeza swichi. Nililipenda, halihitaji kusemeshwa. Saa ya chai nilinywea kichumbani. Mlidhani ni mazoea ya kizee. Na kila mgeni alipokuja nilimsimamisha chini ya kihenge cha pili, nikamwonyesha viraka pande nne, nikamwambia habari ya Oresta aliyeingia bila kugonga. Niliisema vizuri. Kila mwaka ilikuwa fupi zaidi, mpaka ikawa neno moja, na neno hilo mkalifanyia kicheko.

Baada ya kuniaga nilikaa nyumbani majuma mawili. Filbert yuko Mbeya, mdogo wake Dar es Salaam, wananipigia Jumapili. Siku nyingine sita nyumba ni kama kichumba, ila bila mahindi. Nikapanda gari nikaenda Msanzi.

Nilimkuta amekaa juani nje ya nyumba ya kaka yake, fimbo mapajani, amekonda. Nikabisha hodi.

"Karibu. Nani?"

"Mama Filbert."

"Mama Filbert yupi?"

"Wa mlango."

Akanitazama hadi nikaona aibu ya viatu vyangu. "Aa," akasema. "Kaa."

Nikakaa. Nikasema lile nililoenda kulisema, kabla ya maji, kabla ya habari za watoto. "Oresta, siku ile sikugonga."

"Najua."

"Unajua?"

"Mwenzangu, nilikuwa nimesimama juu ya mahindi yenyewe. Ungegonga ningesikia kwa nyayo."

"Mbona hukusema?"

"Na mimi sikugonga. Mwanzi haukufika, nikaona afadhali nikanyage gamba kuliko kukuomba ufunguo. La kwangu nililisema hospitalini, kila aliyeuliza nilimwambia. Nikajua na wewe utasema la kwako." Akakohoa, kikohozi kirefu. "Nikakaa nasubiri."

Nikaifunga na kuifungua ncha ya kitenge changu.

"Mahindi yalinishika kutwa," akasema. "Yakaniachia. Wewe miaka kumi na moja, hujaja hata kuniuliza kama natembea. Nilidhani umekufa. Niliwauliza watu wa gari, wakasema yule bibi wa mlango? Yupo, mzima kabisa, anafundisha."

"Nafundisha," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikamwambia na lile neno. Nikamwambia ki-Oresta.

"Kwa jina langu?"

"Kwa jina lako."

"Wanacheka?"

"Wanacheka. Hata mimi nilicheka."

Akachora chini kwa fimbo. Kisha akasema bila kuniangalia, "Basi rudi ukawaambie. Wote. Ukishawaambia, njoo. Kabla ya hapo usije, sitakufungulia."

Kwetu mgeni husindikizwa, hata mliyegombana naye, hata hatua kumi. Oresta hakuinuka. Nilikwenda barabarani peke yangu.

Ndiyo maana ya daftari hili. Sheria zote nilizowafundisha zishikeni, ni za kweli, zimetoka kwa Mzee Ladislaus na hazina kosa. Lakini cheti kilichobaki ukutani mwa ofisi kitoeni. Neno lile mliache. Mkihitaji neno la kumkanya mgeni, jina langu ni Leokadia, nawaruhusu. Na mkimwonyesha viraka vya kihenge cha pili mwambieni hivi: walikuwa wawili, mmoja juu na mmoja chini, wamenuniana kwa ajili ya jiwe la kwenye maharage, na hakuna aliyegonga.

Nampa Kristofa alipeleke, kwa kuwa alikuwepo. Alisome kwa sauti, mashine zikiwa zimezimwa, na asiruke ukurasa. Nimemwambia akimaliza anipigie simu. Asinieleze mmesema nini. Aniambie tu limesomwa, nikakate tiketi ya Msanzi.

Simu iko mezani hapa. Chaji imejaa.